Laudine na Lunete hawakuwa mapambo

Mleta mada anasema wanawake kwenye tenzi za mashujaa wa Ulaya ya Zama za Kati ni mapambo tu: wanakaa dirishani wakisubiri kuokolewa. Niliwahi kusoma utenzi mmoja wa aina hiyo na wanafunzi wangu chuoni, na wengi walianza na msimamo huohuo. Haukufika mbali.

Utenzi wenyewe ni Yvain, wa Mfaransa Chrétien de Troyes, wa karibu mwaka 1180. Kuna chemchemi yenye jiwe. Ukilimwagia maji, dhoruba inavuma na mwenye chemchemi anatoka kupigana nawe. Yvain, shujaa wa Mfalme Arthur wa hadithi za Uingereza, anamjeruhi mwenye chemchemi vibaya, anamfukuza hadi ngomeni kwake, geti la chuma linaanguka na kumkata farasi wake vipande viwili. Kanaswa. Mwenyeji anakufa, watu wanamsaka muuaji, naye Yvain anampenda mjane, Laudine. Kuanzia hapo upanga wake haumsaidii kitu. Kinachomficha ni pete ya ajabu inayomfanya asionekane, aliyopewa na Lunete, mpambe wa Laudine.

Sasa msikilize Lunete. Anamwambia bibi yake: Mfalme Arthur yuko njiani kuja kwenye chemchemi, nani atailinda? Kisha anamtega: wanaume wawili wakipigana, bora ni yupi, aliyeshinda au aliyeshindwa? Aliyeshinda, anajibu Laudine. Basi aliyemuua mumeo ni bora kuliko mumeo! Anafukuzwa kwa hasira. Lakini usiku Laudine anaipima ile hoja, anamfungulia muuaji kesi kichwani mwake na kumwachia huru mwenyewe. Kukicha anataka kujua jina lake. Baadaye anawaita wakuu wa nchi yake na kuwaacha wamsihi aolewe, kisha anajifanya kukubali jambo ambalo keshaliamua. "Huyu mama ni mwanasiasa," akasema binti mmoja darasani.

Wapo wanaoiona sehemu hii kuwa kejeli kwa wajane. Kejeli imo, sikatai, ila mwanamke huyu ana ardhi ya kulinda na hesabu zake ziko sawa.

Baada ya ndoa anamruhusu mumewe aende kwenye mashindano ya mikuki kwa mwaka mmoja. Jamaa anapitiliza. Laudine haji kulia. Anamtuma msichana, ambaye anamwita Yvain msaliti mbele ya Mfalme na kumvua kidoleni pete aliyopewa na Laudine. Yvain anapata wazimu, anaishi msituni uchi, anakula nyama mbichi.

Mleta mada ana haki mahali pamoja. Laudine hawezi kuilinda chemchemi bila mwanamume wa kupigana, na Lunete, akilaumiwa kwa ndoa ile, anahukumiwa kuchomwa moto. Anapona kwa sababu Yvain anafika kumpigania. Mipaka hiyo ni ya kweli, na mtunzi haifichi.

Ila tazama nani anaumaliza utenzi. Lunete anamwapisha Laudine kwamba atafanya kila awezalo kumpatanisha Shujaa wa Simba (jina analotumia Yvain tangu aokoe simba anayefuatana naye) na bibi yake, bila kumwambia Laudine kwamba shujaa huyo ni mumewe na bibi ni yeye mwenyewe. Laudine akigundua, anang'aka: afadhali avumilie dhoruba maisha yake yote, isipokuwa kuvunja kiapo ni aibu. Ndivyo anavyomrudisha mumewe, na neno la mapenzi hatamki.