Shoga, hiyo pampu ya pumu usiivute

Iweke chini hiyo pampu. Umeandika kwamba vipimo ulivyofanya Chake Chake vimetoka salama, mapafu mazima, moyo mzima, na bado kila ukishasali Isha kifua kinabana, pumzi hazifiki, vidole vinaingia ganzi. Sasa kakako kakununulia pampu ya pumu duka la dawa, nawe unauliza uvute mara ngapi. Uvute mara ngapi? Usivute hata mara moja, maadamu daktari hakukuandikia.

Mimi nami nilibanwa hivyohivyo, nikauziwa pampu na mtu wa duka la dawa ambaye hata kifua hakunisikiliza. "Hii pumu ya ukubwani, vuta hii." Dawa iliyomo, salbutamol, inafungua njia za hewa za mtu wa pumu zilizobana. Zangu hazikubana. Nikabaki na madhara yake tu: moyo kwenda mbio na mikono kutetemeka. Mtu ameshaingiwa na hofu kwamba anakufa, kisha unampa kitu cha kumkimbiza moyo! Navuta, moyo unakwenda mbio. Moyo ukienda mbio nasema leo ndiyo leo, navuta tena. Usiku mmoja nilishika kikombe cha maji, yakamwagikia kangani yote kabla hayajafika mdomoni, na mama mkwe akaanza kunisomea Yasini. Aliona ndo naondoka. Na yule muuzaji nilipomrudia na kumweleza hali, kaniuzia nyingine! Hilo halinitoki moyoni mpaka leo. Mtu anakupachika ugonjwa usio wako, huku anahesabu pesa.

Aliyenisaidia ni daktari wa Kidongo Chekundu, hospitali ya wagonjwa wa akili ya huku Unguja. Usishtuke kusikia jina, shoga, pale hawendi waliorukwa na akili peke yao. Alikaa akanihesabia pumzi. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, mimi nilikuwa nimeshapita huko. Akaniambia hii si pumu, ni hofu ya ghafla; hewa unayo, tena imezidi. Ukihema mbiombio unatoa kaboni daioksaidi nyingi kuliko mwili unavyotaka. Ikipungua kwenye damu, mishipa inayopeleka damu kichwani inajibana, ndiyo kizunguzungu, ndiyo ganzi ya vidole na midomo, na unazidi kuhisi hewa haitoshi. Basi unavuta zaidi, na walokuzunguka wote wanapiga kelele, "Vuta pumzi, vuta!"

Wewe toa. Likikujia, kitu cha kwanza ni kutoa. Kaza midomo kidogo kama unayepuliza chai ya moto, utoe polepole mpaka tumbo linywee, kisha funga mdomo uiache hewa iingie yenyewe kwa pua, usiisaidie. Hesabu nne ikiingia, sita ikitoka. Weka mkono tumboni; ukiona kinachopanda ni kifua, bado unavuta kwa nguvu. Na hofu ile ya ghafla kwa kawaida hufika mwisho wake ndani ya dakika 10 hivi, halafu inaanza kushuka. Jizoeze mchana, unakuna nazi, unasubiri wali ukauke. Usiku ukishabanwa hujifunzi kitu.

Waliokwambia upumulie ndani ya mfuko wasikie na hili: kumbe ikiwa ni pumu au moyo, huo mfuko unakunyima oksijeni, na unaweza kukuua. Kifua kikilia filimbi, midomo ikigeuka rangi, au maumivu yakitambaa kwenda mkononi au kwenye taya, usianze kuhesabu pumzi. Hospitali usiku huohuo.

Mumeo naye mwambie asikusimamie kichwani na "vuta, vuta." Akae kitako mbele yako atoe pumzi polepole, wewe umfuate.