Bomba Lisilo na Presha

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mama yangu ana presha, na kliniki hapa Moshi tumeambiwa huenda chanzo ni figo, kwa kuwa ndizo zinazotoa homoni za presha. Nyumbani tunabishana: ni "figo lake" au "figo yake"? Na hiyo homoni haina neno la Kiswahili? (Msomaji, Majengo, Moshi)

JIBU: Marahaba, mwanangu. La figo ni jepesi. Ni neno letu la Kibantu, nalo lina nyumba mbili. Wapo wanaoliweka pamoja na jicho na jino: figo lake, mafigo yake. Wengine, wakiwemo wauguzi wengi, huliweka pamoja na ngozi: figo yake, figo zake. Chagua moja ukae nayo, usichanganye zote katika sentensi moja.

Linaloniudhi liko mwanzoni mwa barua yako: "Mama yangu ana presha."

Tazama bomba. Mtu wa Soweto hapo Moshi, au wa Moshono kule Arusha, akifungua koki asubuhi maji yakachuruzika kama uzi, husema, "Leo maji hayana presha." Kiswahili safi. Kila anayesikia anajua kwamba tenki la juu halitajaa leo. Mtu huyohuyo akienda kupimwa, akakutwa na 118/76, kipimo cha kawaida, hurudi akisema, "Namshukuru Mungu, sina presha." Kwa Kiswahili kilekile cha bomba, ametangaza kwamba damu yake haifiki kichwani! Kila aliye hai ana presha. Cha kuuliza ni kiasi gani.

Neno presha lenyewe silipigi vita. Tulilitoa kwa Waingereza, limeshazaa na kulea. Magazeti yanayoandika "ana shinikizo la damu" yakidhani yamesahihisha, yamebadilisha kofia tu. Kosa liko kwenye "ana". Husemwa ana mafua, ana malaria: kitu kimeingia, kitatoka. Utaniambia mbona husemwa mtoto ana joto, na kila mwili una joto. Kweli, lakini malaria ikitibiwa joto hutulia, na mtoto hahitaji tena dawa. Presha iliyoshuka kwa vidonge mara nyingi hushikiliwa na vidonge hivyohivyo. Ndipo inapozaliwa sentensi ninayoichukia kuliko zote: "Nimepona presha." Mtu amemeza dawa wiki tatu, amepima 126/80, ameziacha. Presha inapanda tena kimyakimya, bila hata kuumwa kichwa, na siku moja ni kiharusi. Sarufi ndiyo iliyomfungulia mlango.

Figo hazina habari ya "ana" na "hana". Zinapima. Katika ukuta wa mshipa mdogo unaoingiza damu kwenye kila chujio la figo kuna seli zinazohisi mvutano. Presha ikilegea, au chumvi inayopita kwenye mirija midogo ya figo ikipungua, seli hizo humwaga renini. Hapa nirekebishe ulichoambiwa: renini hufanya kazi ya kimeng'enya (enzaimu) kuliko ya homoni, yaani hukata. Hukata protini iliyotengenezwa na ini, kinapatikana kipande cha asidi amino 10 (matofali ya protini), angiotensini ya kwanza. Kimeng'enya kingine, kilicho kingi kwenye mapafu, hukata mbili zaidi. Zinazobaki 8 ndizo angiotensini ya pili, na hiyo ndiyo homoni yenye nguvu. Hubana mishipa, huleta kiu, na huziamrisha tezi zilizokaa juu ya figo kutoa aldosteroni, inayozuia chumvi isitoke na mkojo. Chumvi ikibaki, maji hubaki nayo. Ni mpira wa kumwagilia migomba: unaubana mdomo, na wakati huohuo unaongeza maji kwenye koki.

Ubaya huja mshipa mkubwa wa figo ukisinyaa. Figo inapata damu kidogo, inadhani mwili mzima umepungukiwa, inamwaga renini mfululizo. Presha ya mkononi inapaa wakati figo yenyewe inalia njaa. Sentensi "ana presha" haiwezi kubeba habari hiyo hata kidogo.

Renini ilitambuliwa mwaka 1898 huko Stockholm na wanasayansi Tigerstedt na Bergman, kutoka kwenye figo za sungura. Jina limetokana na neno la Kilatini la figo. Homoni nalo lina asili ya Kigiriki, kusukuma au kuchochea, kwa hiyo wanaosema "kichocheo" wametafsiri barabara. Mimi nabaki na homoni, maana kichocheo tumeshakipa kazi nyingine kwenye kemia.

Angalia pia viishio kwenye pakiti za dawa za mama. Kidonge kinachoishia na "-pril", kama enalapril, huzuia ule mkato wa pili. Chaweza kuleta kikohozi kikavu; akikohoa amwambie daktari, asikiache kimyakimya. Kinachoishia na "-sartan", kama losartan, huzuia angiotensini ya pili isishike mshipa. Vyote viwili havimfai mjamzito, na mtumiaji hupimwa damu kuangalia figo na potasiamu.

"Presha ya kupanda" ya mtaani naipokea kwa mikono miwili, kwa sababu inasema presha imeelekea wapi. "Ana presha" ya kijiweni nimeshaichoka, iendelee. Kwenye daftari la kliniki siikubali. Mama akae dakika 5 ameegemea kiti, mkono uwe usawa wa moyo, apimwe mara mbili, kisha uandike: "Presha ya mama iko juu, 156/94, mkono wa kushoto, saa 2 asubuhi, kabla ya dawa."