Hata waliosifiwa hawakujua kama ni Yeye

Kuna watu huwa wananiuliza, we unasema Kristo unakutana naye mitaani, unamtambuaje kwenye Dar hii ya kusukumana? Jibu langu huwa linawashangaza: mara nyingi simtambui. Soma Mathayo 25 taratibu, pale Kristo anapowahukumu watu na kuwagawa kuume na kushoto. Wale wa mkono wa kuume wanaambiwa nilikuwa na njaa mkanipa chakula, nao wanauliza, lini Bwana? Na wale wa kushoto wanauliza vilevile. Yaani hakuna aliyemjua pale, wa huku walitoa chakula na wa kule hawakutoa, basi. Kwa hiyo ukisubiri mpaka mwili usisimke ndo umsaidie mtu utasubiri sana.

Mi nimejifunza kuangalia vitu vidogo, maana hata baada ya kufufuka alitambulika huko huko. Mariamu Magdalena alidhani anaongea na mtunza bustani mpaka alipoitwa kwa jina lake. Wale wawili wa Emau walikuwa na safari ya stadi 60, kama kilomita 11 hivi, fikiria utoke Posta kwa mguu mpaka upite Ubungo, na akawafafanulia Maandiko njiani lakini wapi, wakamjua mezani alipomega mkate. Na kule Tiberia wanafunzi wanashuka kwenye chombo wanakuta moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate. Mfufuka kawapikia!

Kwa hiyo anza na jina. Pale ninapopandia daladala, Mbagala Rangi Tatu, kuna mama anakaanga mihogo, pilipili yake anaiweka kwenye chupa ya maji iliyotobolewa kizibo, ukiminya vibaya inakurukia machoni. Kwangu alikuwa mama mihogo tu. Siku moja nikamuuliza anaitwa nani, akacheka kwanza, alafu akanitajia, na mi nikamtajia langu. Baadaye nikaugua taifodi nikapotea stendi, siku narudi hata shikamoo sijamaliza kashaniuliza, marahaba, ulikuwa wapi mwanangu mbona umekonda hivyo, akanifungia mihogo kwenye gazeti na hela akaikataa kabisa.

Sasa hapo mwenye njaa alikuwa nani? Sisi watu wa kanisani tumezoea kujiweka upande wa kutoa, tukipewa tunaona aibu, tunakimbilia kurudisha siku hiyohiyo ili tusidaiwe. Acha. Pokea, sema asante mama, kula mihogo yako.

Na usidhani lazima awe wa dhehebu lako. Kwenye ugonjwa huohuo uji nililetewa na jirani yangu wa chumba cha pili, Mwislamu, swala tano, yeye mwenyewe hawezi kulielezea jambo hilo kama ninavyolieleza mimi na wala simlazimishi. Ila Yesu alipoulizwa jirani yangu ni nani alitoa mfano wa Msamaria, mtu ambaye Wayahudi hawakuchangamana na watu wake, kwa hiyo naona niko salama.

Ila jamani akili usiizime. Matapeli wapo, yule aliyeibiwa nauli ya kwenda Tanga utamkuta palepale wiki ijayo bado kaibiwa. Huyo namwambia, sina, kaka, lakini namwambia namwangalia usoni, siangalii simu. Akisema ana njaa twende kwa mama ntilie hapo ale wali maharage, mwenye njaa kweli atakuja. Na konda naye, katukanwa tangu saa kumi na moja alfajiri, we mpe nauli iliyo kamili na umsalimie, haikugharimu kitu.

Ukitaka pa kuanzia nenda wodini muda wa kuona wagonjwa, Temeke, Amana, popote palipo karibu na we. Hapa mjini wapo wagonjwa waliotoka mikoani ambao hawana ndugu wa kuwaletea hata maji, muulize nesi atakuonyesha kitanda. Ukifika jitambulishe, muulize jina, kaa, mahubiri marefu waachie wengine. Beba sabuni, kanga au shuka, na maji ya kunywa. Uji usiupeleke kabla hujamuuliza nesi, maana kuna anayesubiri oparesheni na haruhusiwi kula kitu, na akiuona uji wako wa moto ataumia bure.