Kwa Kijana Anayetaka Kutafiti Afya ya Uzazi

Vijana wanaosomea afya ya jamii huniuliza waanzie wapi ikiwa wanataka kutafiti afya ya uzazi na ujinsia, na wengi hutarajia niwatajie programu ya takwimu. Takwimu ni lazima, nazo hufundishwa darasani. Kilichonichukua miaka mingi zaidi ni kujua namna ya kuuliza.

Katika utafiti wangu wa kwanza, dodoso letu liliwauliza wasichana wa vijijini kama wamewahi kufanya "tendo la ndoa". Tuliyaona maneno hayo yana staha, tena ndiyo yanayotumika zahanati. Msichana ambaye hajaolewa alijibu hapana bila kusema uongo, kwa kuwa ndoa hakuwa nayo. Tuligundua kosa pale mdadisi mmoja aliponieleza kwamba binti aliyejibu hapana alikuwa akimnyonyesha mwanawe wakati wa mahojiano. Tangu siku hiyo sipeleki dodoso uwandani kabla ya kukaa na watu wa eneo lenyewe, wanawake peke yao na wanaume peke yao, wanieleze kila swali wamelielewaje. Kwa mmoja "kinga" ni kondomu, kwa mwingine ni sindano ya miezi mitatu; na wapo wanaoamini kuwa "uzazi wa mpango" ni wa waliokwisha kuzaa, kwa hiyo msichana mwenye kijiti mkononi atasema hatumii.

Hata swali likieleweka, jibu la mdomo lina mipaka yake. Kila anayeingia katika fani hii alisome jaribio la MEMA kwa Vijana, lililoanza mwishoni mwa miaka ya 1990 katika jamii 20 za vijijini mkoani Mwanza. Elimu ya shuleni na huduma rafiki kwa vijana ziliongeza maarifa, na baadhi ya mienendo ilibadilika kwa maelezo ya vijana wenyewe, lakini vipimo vya damu havikuonyesha kupungua kwa maambukizi ya VVU. Nawaheshimu watafiti wale kwa kuyatangaza matokeo ambayo hakuna aliyeyatamani.

Kuhusu vibali, anza mapema: kibali cha maadili cha NIMR, yaani Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ya Tanzania, kisha barua za utambulisho hadi kwa mtendaji wa kijiji.

Faragha ndiyo isiyo na mbadala. Mwanamke anayeulizwa kuhusu kipigo cha mumewe anaweza kupigwa tena kwa sababu ya swali lako, kwa hiyo wadadisi wangu hubeba karatasi ya pili yenye maswali ya maji na vyandarua, ambayo huigeukia mara tu mtu anapoingia, na huwa na maelekezo ya kufika Dawati la Jinsia na Watoto la polisi kwa atakayeyahitaji. Nakumbuka nyumba moja ambako mume aliketi nasi karibu nusu saa, tukazungumzia vyandarua. Alipoondoka, mkewe mwenyewe ndiye aliyesema, "Turudi kwenye lile swali lako."