Kabla hujaenda Texas kubeba mchanga

Kila baada ya wiki chache napata ujumbe kutoka kwa kijana wa nyumbani aliyetua Ohio au Minnesota: "Kaka, leseni ya malori makubwa nimeshapata. Nasikia Texas mafuta yamefunguliwa, rais kasema wachimbe. Niende?" Nimejibu mmoja mmoja hadi vidole vimechoka. Leo nawajibu wote.

Nilibeba mchanga kati ya miji ya Midland na Pecos, Texas magharibi, kuanzia 2018 hadi Aprili 2020. Naam, mchanga. Mafuta ya kule yamenasa ndani ya mwamba unaoitwa sheili (usichanganye na sheli ya kujazia mafuta). Wanachimba kwenda chini kilomita mbili tatu, kisha shimo linapinda na kwenda kwa ulalo, halafu wanasukuma maji kwa nguvu hadi mwamba upasuke. Mchanga ndio unaozuia nyufa zisijifunge. Kisima kimoja kinameza mamia ya malori ya mchanga, na riziki yetu ilikuwa hapo.

Ambacho sikuambiwa ni kwamba visima hivi vinachoka upesi. Mwaka wa kwanza tu, kisima kinapoteza zaidi ya nusu ya mafuta yake. Kwa hiyo kampuni inachimba vipya kila kukicha, na mbeba mchanga anaishi kwa hivyo vipya, si kwa vya zamani. Ndiyo maana taarifa ya habari inaweza kutangaza kwamba Marekani imevunja rekodi ya uzalishaji huku madereva wamepaki malori na kucheza karata. Visima vya jana vinaendelea kutoa. Mchanga hauhitajiki.

Sasa hiyo siasa. Januari 2021 Biden alisimamisha ukodishaji mpya wa ardhi ya serikali kwa wachimbaji, watu wakalia kwamba mafuta yamekwisha. Mwaka 2023 nchi ikatoa karibu mapipa milioni 13 kwa siku, rekodi. Sababu ni kwamba Texas sehemu kubwa ya mwamba iko chini ya ardhi ya watu binafsi, si ya serikali, na kule mafuta ya chini ya ardhi yanaweza kuwa mali ya mtu, tofauti na kwetu Tanzania. Januari 2025 Trump akaingia na wimbo wake wa kuchimba, akatangaza hali ya dharura ya nishati. Mwaka huohuo nchi za OPEC (umoja wa nchi zinazouza mafuta nje) na washirika wao waliongeza mafuta sokoni, bei ikashuka, na mitambo ya kuchimba Marekani ikapungua. Tawi la benki kuu lililoko Dallas liliziuliza kampuni mwaka huo: kisima kipya kinahitaji bei gani ili kilipe? Wastani ulikuwa dola 65 kwa pipa. Rais anataka petroli rahisi, mchimbaji anataka pipa ghali. Hawawezi kufurahi wote wawili siku moja, hata wakipigiana makofi jukwaani.

Mimi nililipia somo hili. Mwaka 2019 nilinunua lori kwa mkopo, nikijiona tajiri. Machi 2020 Saudi Arabia na Urusi wakagombana juu ya kupunguza uzalishaji, korona ikafunga dunia, na tarehe 20 Aprili pipa likauzwa dola 37 chini ya sifuri. Chini ya sifuri! Aliyekuwa nalo alimlipa mtu alichukue. Kwangu mimi kazi ilikuwa imekwisha wiki moja kabla, kwa ujumbe mfupi wa simu, bila hata pole. Mkopo wa lori haukusimama.

Kwa hiyo: usinunue lori kwa ajili ya mchanga. Endesha la mwajiri. Uliza mapema kama saa za kusubiri kushusha zinalipwa, maana nimewahi kukaa foleni kisimani kwa muda wa saa kumi na moja kwa tripu moja. Barabara ya 285 iogope, hasa alfajiri, kila dereva ana usingizi. Na kila Ijumaa Baker Hughes, kampuni ya huduma za uchimbaji mafuta, wanatoa hesabu ya mitambo inayochimba. Ikishuka wiki tano mfululizo, anza kutafuta mzigo mwingine kabla wenzako hawajashtuka.

Yule wa Ohio nilimwambia aende. Yuko Odessa sasa, mji jirani na Midland, analalamikia vumbi na bei ya chumba. Juzi kaniuliza kuhusu mkopo wa lori, nikamkatia simu.