Kabla Hujafungua Tawi Ng'ambo ya Mpaka

Msomaji mmoja wa Sikonge ameniandikia kwamba kikundi chao cha wafugaji nyuki kinakusudia kujenga kiwanda cha kufungasha asali Kigali, kwa kuwa kampuni zote kubwa zina matawi nje. Najua wengi wenu mna ndoto hiyohiyo, kwa hiyo namjibu hadharani.

Kampuni yenye akili haivuki mpaka kwa ajili ya fahari. Honda ilianza kuunda magari Ohio mwaka 1982, mwaka mmoja baada ya Japani kukubali kupunguza magari inayouza Marekani. Aliyebanwa mlangoni aliamua kuhamia ndani. Benki ya CRDB ilifungua kampuni tanzu Burundi mwaka 2012, kisha Kongo mwaka 2023, nchi ambazo shehena zao nyingi hupitia bandari ya Dar es Salaam, yaani ilifuata biashara iliyokuwapo tayari. Wengine hufuata ujira nafuu, wengine malighafi.

Mimi nilifuata mawese. Kwa miaka mingi nilichemsha sabuni za mche hapa Kigoma kwa mawese yaliyoshushwa Kibirizi kutoka Kongo, kisha nikazivusha sabuni hizohizo kwenda kuuzwa Kalemie, mji wa Kongo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Dumu lililipiwa nauli likija, katoni ikalipiwa ikienda, wachukuzi wakalipwa pande zote mbili, na mwenye boti akawa anafaidi sabuni yangu kuliko mimi. Tangu nilipohamishia mapipa ya kuchemshia Kalemie, ninachovusha ni kostiki soda tu, kemikali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, mzigo mdogo usioumiza.

Sikwenda Bujumbura, ingawa ni karibu na nina shemeji huko. Kongo dola hupokelewa hadi dukani, ilhali Burundi fedha za kigeni ni za kutafuta kwa tochi, na faida iliyokwama katika faranga ni ya kuhesabu tu. Nilipompelekea mpango huu afisa mikopo wa benki moja mjini, aliniuliza mbele ya wateja kama nimeshindwa kuuza Ujiji. Sijamsahau, na nasema bila haya kwamba karakana ile ilisimama bila shilingi yake hata moja.

Acheni basi kuiga, ndugu zangu. Jiulizeni ni gharama gani itakayoondoka mkihamia huko, na kama hamwioni, bakini nyumbani. Nyuki wenu wako kwenye miombo ya Tabora, nao hawahami. Rwanda na Tanzania zimo katika umoja mmoja wa forodha, hivyo asali iliyofungashwa Sikonge, ikiwa na cheti cha uasili wa bidhaa, huingia Kigali bila ushuru wa forodha. Hakuna ukuta wa kuruka. Mnachohitaji kule ni wakala mwenye stoo na tabia ya kulipa kwa wakati, naye mjaribuni kwa mzigo wa msimu mmoja kabla ya kumwachia zaidi.