Midomo ya katuni ikiachana na sauti, angalia kwanza inaachana vipi

Vijana wanaotengeneza katuni hapa Dodoma, wa vyuoni na wa mtaani, huniletea kompyuta zao wakiwa na shida ileile: mhusika anaongea, mdomo unamfuata nyuma. Wengine wameshakesha wakisogeza vinywa kimoja kimoja, na vikikaa sawa hapa vinaharibika kule. Inaniuma kuona kazi ya usiku mzima ikipotea hivyo, maana mara nyingi vinywa walivyochora havina kosa lolote. Kwa hiyo kabla sijagusa kitu huuliza: mwanzoni mwa video pengo ni kubwa kiasi gani, na mwishoni je?

Pengo likiwa lilelile tangu mwanzo hadi mwisho, sauti imeanza mahali pasipo pake. Isogeze yote kwa pamoja, yameisha. Faili la mp3 hupenda kuongeza ukimya mdogo pale mwanzoni, ndiyo maana mimi hufanya kazi na WAV tu, aina ya faili la sauti lisilobanwa. Na kama unasikiliza kwa hedifoni za Bluetooth, zivue kwanza. Zinaweza kuchelewesha sauti hata sehemu mbili za kumi za sekunde, yaani karibu fremu 5 (fremu ni picha moja moja zinazounda video) kwenye spidi ya fremu 24 kwa sekunde. Chomeka za waya, ndipo uamue kama tatizo lipo.

Pengo likikua kadiri video inavyoendelea, kuna spidi mbili zinazogombana. Hili ndilo ninalokutana nalo zaidi. Blender, programu ya kutengenezea katuni, ukiifungua inakuja na fremu 24 kwa sekunde, simu nyingi hurekodi 30, na televisheni zetu zinafuata 25. Tuseme umehuisha, yaani umewapa wahusika mwendo, kwa dakika moja kwenye spidi ya 24: hizo ni fremu 1,440. Mteja anataka 25, unabadilisha namba kwenye mipangilio. Sauti inabaki na sekunde zake 60, lakini picha sasa zinaisha kwenye sekunde ya 57.6. Ukifika sekunde ya kumi mdomo umeshatangulia kwa sehemu nne za kumi za sekunde, na hapo ndipo watu huanza kusogeza vinywa. Usivisogeze. Rudisha 24, au kama 25 ni lazima, weka kishale kwenye fremu 0, chagua fremu-funguo zote (zile ulizowekea maumbo ya mdomo), zipanue mara 1.0417, kisha zisogeze zikae kwenye fremu kamili. Jambo hili ni la kumuuliza mteja kabla hujachora mdomo wa kwanza.

Kuna pia sauti ya sampuli 44,100 (vipimo vya sauti kwa kila sekunde) inayosomwa kana kwamba ni 48,000. Hii utaisikia kwa masikio: sauti inakuwa nyembamba na dakika inaisha kwenye sekunde 55 hivi.

Mdomo ukirukaruka, mara sawa mara ovyo, kompyuta imelemewa. Kwenye menyu ya "Playback" ya Blender chagua "Sync to Audio", nayo itaruka baadhi ya picha ili isiachwe na sauti. Hata hivyo hukumu itoe kwenye video iliyokwisha kurendwa, yaani iliyotolewa kuwa faili kamili.

Sauti zetu nyingi zinafika kwa WhatsApp. Unamwomba shangazi aliyeko Mpwapwa asimulie hadithi ya sungura na fisi, anakutumia vipande vya sauti, upepo unavuma nyuma na bati linagonga. Visafishe, vikate, vigeuze kuwa WAV ya 48,000, halafu ndipo uanze mdomo. Ukikata pumzi moja tu baada ya kuhuisha, kila neno linalofuata limehama.

Sasa, kuna wakati namba zote ziko sawa na bado jicho linakataa. Hapo tatizo ni maumbo. Rhubarb, programu ya bure inayopanga midomo yenyewe, kwa kawaida hutambua Kiingereza. Ukiipa Kiswahili, iambie itumie njia yake ya kifonetiki, inayofuata sauti zenyewe badala ya maneno ya Kiingereza. Baada ya hapo pitia kwa mkono. Chukua "ng'ombe" useme polepole mbele ya kioo. Ile "ng'" inatokea nyuma kabisa ya kinywa, midomo haigusani, na tayari imeanza kujiviringa kwa ajili ya "o". Kisha inafunga kwenye "mb", inafunguka kwa "e". Programu nyingi hupaka mdomo wa "n" pale mwanzoni na kupita haraka kwenye "mb", wakati mtazamaji anausubiri huo mfungo. Upe fremu 2 angalau. Nafasi ikikosekana, punguza kwenye "o", hakuna atakayegundua. Kwenye "mtoto" ile "m" ni silabi inayojitegemea, kwa hiyo midomo ibaki imefungwa kwa muda zaidi kuliko kwenye "mama".

Mwisho kabisa mimi hutanguliza midomo yote kwa fremu 1, wakati mwingine 2, kwa sababu mtu hufungua kinywa kabla sauti haijatoka. Fanya hivyo ukishamaliza mengine yote, kisha renda na utazame sehemu tatu: mwanzo, katikati na sekunde kumi za mwisho.